Tusiulaumu mdomo wa mtaro

Masika yakianza tu, lawama hurudi: mitaro ya maji ya mvua ya Ng'ambo, upande wa pili wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, inamwaga uchafu baharini, bora ifungwe. Wanaosema hivyo hawazushi. Siku ya mvua kubwa maji ya mbele ya Mji Mkongwe hugeuka rangi ya udongo, chupa na mifuko ikaelea, na tafiti, ukiwemo mmoja uliochapishwa 2012, zimekuta vijidudu vya kinyesi katika maji ya karibu na mji. Mvuvi ana haki ya kulalamika.

Lakini mtaro ukifungwa, maji yaende wapi? Mvua ya milimita 10 tu juu ya bati la mita 100 za mraba ni lita 1,000. Mtaa wenye mabati elfu moja ya namna hiyo, yaliyobanana bila ua wala mti, hutoa lita milioni 1, na masika haikomei milimita 10. Pwani Ndogo iliyotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, ambayo zamani ilikuwa njia ya maji, ilifukiwa katika karne ya 20. Watu wa Sebleni na Mwanakwerekwe wanajua maana ya maji yasiyo na pa kwenda, na ndiyo maana mradi wa huduma za mji wa Zanzibar (ZUSP), kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukajenga mitaro.

Hapa ndipo walalamikaji wanapopunja hesabu. Maji yakituama huingia katika makaro ya vyoo, yakapandisha yaliyomo, kisha yakazama katika jiwe la matumbawe lenye nyufa kila upande. Visima na chemchemi tunazonywea zinatoka katika jiwe hilohilo. Kipindupindu tumekuwa nacho, kikija na kuondoka, tangu 1978. Mtaro unaoyaondoa maji mapema unalinda maji ya kunywa kabla hata hatujaizungumzia bahari.

Bahari nayo inadai haki yake. Wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti ya maji kujaa na kupwa Unguja hufika karibu mita 4. Mdomo ukiwa chini mno, bahari hupanda mtaroni. Kwa hiyo huwekwa kifuniko cha bawaba kinachofunguka kuelekea baharini tu. Mvua ikikutana na maji kujaa, kifuniko hubaki kimefungwa na maji ya mtaani lazima yasubiri mahali. Bila bwawa nyuma yake, yatasubiri vyumbani mwa watu.

Bwawa hilo lina faida nyingine, na hii ndiyo inayonishughulisha zaidi. Januari na Februari vumbi, mafuta ya gereji, kinyesi cha wanyama na taka hulala barabarani na juu ya mabati. Mvua za mwanzo huvikokota vyote kwa pamoja, kwa hiyo maji machafu kuliko yote ni yale yanayotangulia, nayo ni sehemu ndogo ya maji ya msimu mzima. Yakizuiwa na kutulizwa kwa saa kadhaa, mchanga huzama, na sehemu kubwa ya fosforasi na metali zilizonata kwenye tope huzama nao. Yanayofuata yanaweza kupita. Tope lisilozuiwa huishia juu ya majani ya bahari na matumbawe, likayanyima mwanga.

Kwa hiyo mtaro wa zege unaokwenda moja kwa moja baharini, bila wavu wala bwawa, kwangu ni kazi iliyoachwa nusu, na hapo walalamikaji nawaunga mkono. Nawaunga mkono pia juu ya mabomba ya vyoo yanayochomekwa mtaroni kwa siri, maana kinyesi hakitulizwi kwa saa chache za bwawa. Hayo yakatwe.

Kazi ngumu ni ardhi. Kila bonde lililobaki wazi mjini lina mtu anayelitazama kama kiwanja. Mabonde yaliyobaki yapimwe na yazuiliwe kujengwa. Na kwa kuwa bwawa lililojaa mchanga halitulizi kitu, fedha za kulichimbua ziandikwe katika bajeti moja na za kulijenga, na kazi ifanywe Januari na Februari, wakati bado pakavu.