Mnamchoma Diclo ili iweje?

Jumapili hapa Busia, upande wetu wa Uganda, winga alivuta msuli wa nyuma ya paja. Wakati wa mapumziko akaja bwana wa duka la dawa na sindano ya Diclo, yaani diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, akamteremsha kaptula pale pale kwenye benchi, akamchoma tako watoto wa kuuza maji wakitazama. Kipindi cha pili kijana akakimbia kweli, makofi yakapigwa. Kisha akaanguka, akatolewa uwanjani kwa bodaboda.

"Dawa haikushika," wakasema. Jamani, ilishika! Ilimnyamazisha maumivu yaliyokuwa yanamwambia akae chini.

Msuli ukichanika, mwili hupeleka damu na askari wake pale. Panavimba, panauma, panakuwa moto. Kazi ya kutengeneza inaanzia hapo. Diklofenaki na ibuprofeni huzuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizo ndizo zinazochochea maumivu, ndiyo, lakini ndizo hizo hizo zinazoamsha seli za kujenga nyuzi mpya. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha kwamba panya walioumia msuli wakipewa dawa za aina hii, msuli unachelewa kupona na kurudisha nguvu. Mtasema panya hachezi winga. Haya, twendeni chuo cha udaktari cha Karolinska, Uswidi: vijana wenye afya walinyanyua vyuma kwa wiki 8. Waliomeza miligramu 1,200 za ibuprofeni kila siku, misuli yao ya paja ilikua asilimia 3.7, wenzao waliopewa aspirini kidogo tu, 7.5. Najua, hao hawakuwa wameumia, na kwa watu walioumia majibu ya utafiti bado yanavutana. Lakini hakuna popote palipoandikwa kwamba Diclo inaunga msuli ndani ya dakika 15 za mapumziko.

Sitaki ubishi wa wazee wenye magoti mabovu; hao wameze kama daktari alivyowaandikia. Na mtu akikosa usingizi kwa maumivu usiku wa kwanza, mpeni kidonge, sina neno. Ila kumpa mtu aliyetoka jasho saa nzima juani, hajanywa maji wala hajala, mnachezea figo na tumbo lake pia.

Anachohitaji ni kutoka uwanjani, kufungwa bendeji, barafu ya muuza soda, siku chache za kupumzika, halafu aanze kutembea na kujinyoosha taratibu. Tatizo ni kwamba kwa hayo bwana wa duka la dawa halipwi, na kocha ana mechi Jumamosi.