Sabuni ya Shemeji

Shemeji yangu ni mtu mwema, ila hana starehe anayoifanya peke yake. Alipoanza kukimbia asubuhi, ukoo mzima ulikimbizwa. Kwa hiyo niliposikia ameingia kwenye unyoaji wa kizamani, wa brashi na bakuli na povu la kupiga kwa mkono, nilijua mashavu yangu hayatasalimika.

Kisanduku kikafika. Ndani mlikuwa na mashine ya chuma ya kubana wembe wa pande mbili, brashi, kipande cha shabu na kikopo cha sabuni iliyotengenezwa kwa mkono. Mhadhara ulikuja kwa simu. Mashine ya namna hiyo, akaniambia, King Camp Gillette aliipatia hataza Marekani mwaka 1904. Sabuni ya kunyolea si ya kuogea, imepikwa kwa potashi, si soda peke yake, ndiyo maana povu lake ni laini na halikauki upesi. Wembe ulazwe nyuzi 30 hivi na usikandamizwe hata kidogo. Na brashi, hapo akashusha sauti kama anataja urithi, ni ya manyoya halisi ya mnyama wa jamii moja na nyegere.

"Shemeji, mimi nanyoa ili niende kazini," nikamwambia.

"Wewe hunyoi, shemeji. Wewe unajikwangua."

Siku niliyoamua kuijaribu ilikuwa siku ya kupigwa picha ya kitambulisho kipya cha kazini, na nilitaka uso wa mtu anayestahili kupandishwa cheo. Nikaloweka brashi katika maji ya moto. Nikafungua kikopo. Wallahi, ile harufu! Karatasi ya juu iliandikwa mchaichai, asali na nta ya nyuki, na kila kimoja kilikuwepo kweli, hakuna kilichosingiziwa. Nikazungusha brashi juu ya sabuni, nikaihamishia kwenye bakuli, nikaongeza maji tone kwa tone kama nilivyoagizwa. Mwanzoni likatoka povu la mapovu makubwa ya kihuni. Baadaye likatulia, likawa zito, linang'aa, ukiinua brashi linasimama na ncha yake. Nikajipaka hadi masikioni. Nikafungua dirisha la bafu, maana mvuke ulikuwa umefunika kioo na kujinyoa kwa kubahatisha sikutaka.

Niseme haki: wembe ulipita shavu la kulia bila hata kuuliza. Ngozi ikabaki nyororo, nikajishika, nikajishika tena. Nikaanza kumsamehe shemeji hata zile mbio za alfajiri.

Nyuki wa kwanza alitua kwenye mpini wa brashi, pale nilipoisimamisha dirishani. Sikumjali. Nyuki mmoja ni mpita njia. Lakini huyu hakupita. Alitembea mpaka penye povu, akaonja kwa vipapasio vyake, akageuka, akainua makalio juu na kuanza kupepea mbawa kwa nguvu bila kwenda popote. Nikacheka. Nikadhani kalewa manukato.

Alikuwa anapiga mbiu.

Wakaja wawili, wakaja kundi dogo, kisha nikaacha kuhesabu kwa sababu hesabu ilikuwa inanitia hofu. Wengine bakulini, wengine kwenye kikopo, wengine wakaona bakuli la nini wakati kuna shavu zima la kushoto limepakwa povu bichi. Mmoja alinitambaa taratibu kutoka sikioni kuelekea puani, namwona kiooni, miguu imevaa soksi za povu. Akafika mlango wa pua. Akachungulia. Akahamia tundu la pili, akachungulia nalo pia. Mimi nimesimama na taulo kiunoni na wembe mkononi, sipumui, nasoma dua zote ninazozijua na mbili nilizozitunga hapo hapo.

"Baba Neema, umekwama?" mke wangu akaita.

"Mmm."

"Mmm ndiyo au mmm hapana?"

Akafungua mlango. Akaniangalia mimi, akaangalia dirisha, akaangalia brashi iliyokuwa sasa imeota nyuki. Akafunga mlango. Kisha nikasikia komeo. Limefungwa kwa nje, wapenzi wasomaji, na mtu niliyemuoa kwa ndoa halali.

"Vumilia, naenda kumwita mzee!" akasema akiwa tayari yuko mbali.

Kuvumilia kukanishinda. Nikafungua bomba hadi mwisho na kuingiza kichwa chote chini yake. Povu likaondoka, na nyuki wengi wakaondoka nalo kwa amani, ila yule mkaguzi wa pua alibanwa kati ya kiganja changu na mdomo wa juu, akaona heri afe shahidi. Nikaukwangua mwiba kwa ukucha upesi, kwa kuwa ukiachwa huendelea kusukuma sumu hata mwenyewe akishaondoka. Mdomo haukujali jitihada hiyo. Ukaanza kuvimba huku nautazama.

Mzee jirani yetu anafuga nyuki. Alikuja bila haraka yoyote, na fukizo lake la moshi mkononi.

"Sikamoo," nikasema. Herufi ya pili ilikuwa haipatikani tena.

"Marahaba, mwanangu." Akanisogelea, akaninusa shavu. "Mchaichai."

Akanieleza akiwa anafukizia dirisha. Nyuki akipata makazi mazuri hufungua tezi iliyo karibu na mkia na kupepea harufu yake ili wenzake wajue ni hapa, na harufu hiyo na mafuta ya mchaichai vina viungo vinavyofanana. Yeye mwenyewe akitaka kundi jipya hutia matone machache katika mzinga mtupu na kungoja. Matone machache! Mimi nilijipaka uso mzima, tena pamoja na nta, tena kwa manyoya ya ndugu yake nyegere, jambazi wa mizinga.

"Kwa hiyo walinishambulia?"

"Hapana. Hawa walikuwa wapelelezi. Kundi liko mahali linatafuta nyumba. Walikuja kukukagua."

Nikaelewa zile safari za puani. Vyumba viwili, vimeungana ndani, na mlinzi hana neno.

"Una bahati," mzee akaendelea, "kachoma mmoja. Mwiba huacha harufu ya kuwaita wengine wachome hapo hapo. Ukiinusa utasema ndizi mbivu. Ndiyo maana mimi siku ya kufungua mizinga ndizi siigusi kabisa."

Mke wangu alinikandika ile shabu. Shabu inajua kuzuia damu ya mkato wa wembe, mambo ya nyuki haikusomea. Nikaenda kupigwa picha hivyo hivyo: shavu moja la bwana arusi, jingine la mtoro, na mdomo wa juu ulioingia chumba cha picha kabla yangu. Mpiga picha akaniomba nitabasamu kidogo. Nikamwambia hapo ndipo nilipofika. Mlinzi wa getini sasa kila asubuhi hutazama kitambulisho, hunitazama mimi, hukitazama tena, kisha hunipisha kwa sauti ya pole.

Jioni ile shemeji akapiga simu, furaha tele.

"Eeh shemeji, sabuni je?"

"Inanyoa vizuri sana," nikasema, na ni kweli.

"Nilijua tu! Basi nimekwisha kukutumia nyingine, iko njiani. Fundi ametoa harufu mpya, hujawahi kunusa kitu kama hiki."

"Harufu gani?"

"Ndizi mbivu."