Amy na Bibi Yake: Nani Alimponza Mwenzake?

Wasomaji wengi wa Roxana, riwaya ya Daniel Defoe iliyotoka mwaka 1724, humwona mtumishi Amy kuwa ndiye shetani wa kisa kizima. Yeye ndiye aliyemhimiza bibi yake, yaani mwajiri wake Roxana anayesimulia kisa hiki, awe hawara wa mwenye nyumba aliyopanga, na yeye ndiye anayeshukiwa kumuua Susan, binti wa bibi huyo. Hukumu hiyo ina msingi, lakini naiona ya haraka mno, kwani kila tunalolijua kuhusu Amy tumelipata kinywani mwa Roxana mwenyewe.

Turudi kwenye ile nyumba tupu ya mwanzo. Mume ametapanya mali, akaenda zake na kumwachia mkewe watoto watano, na vyombo vimeuzwa kimoja kimoja ili wapate kula. Amy anadai mshahara wa nyuma, wala hakuna dalili kwamba atalipwa. Namwita mtumishi, si mjakazi, kwa sababu tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo: aliajiriwa kwa ujira, na siku ujira ulipokoma hakuna kilichomzuia kufungasha nguo zake na kutafuta nyumba nyingine. Alibaki. Watoto walipokosa chakula, Amy ndiye aliyewapeleka hadi kwa shangazi yao na kuwaacha huko, kazi ambayo mama yao hakuwa na moyo wa kuifanya. Tangu siku hiyo mpaka mwisho wa kitabu, jambo lolote ambalo Roxana analitaka lakini hataki kulishika kwa mkono wake, hupitia mkononi mwa Amy.

Wanaomlaumu Amy husema kwamba uaminifu usio na mpaka wa haki ni hatari, nao hawakosei. Alipomshauri bibi yake auze heshima kwa mkate, alitumia njaa kama hoja, na hoja hiyo ilishinda. Hata hivyo, katika kitabu hiki kuna tukio moja ambalo siwezi kulipita. Roxana, akiwa tayari anaishi na mwenye nyumba yule, anamvua Amy viatu na soksi, kisha nguo zake moja baada ya nyingine, na kumsukuma kitandani mwa mwanamume huyo. Sababu anaitoa mwenyewe bila kuficha: kwa kuwa alijiona ameshakuwa kahaba, alitaka na mtumishi wake awe hivyo, asije akapata la kumsuta. Baadaye Amy akazaa. Hapo ndipo mizani inapolala upande mmoja, kwa maana mtumishi alimpa bibi yake ushauri mbaya ambao angeweza kuukataa, ilhali bibi alimtendea mtumishi wake kwa mikono yake mwenyewe jambo ambalo Amy alilipinga na bado hakuweza kuliepuka.

Kuhusu Susan, ushahidi dhidi ya Amy ni mzito zaidi. Msichana huyo aliwahi kutumika jikoni katika nyumba ya kifahari ya Roxana huko Pall Mall, mtaa wa London, bila kujua kwamba bibi wa nyumba ni mama yake, na alipoanza kuufuata ukweli, Amy alitamka waziwazi kwamba atamuua. Roxana alishikwa na hasira, akamfukuza Amy. Kwa kipimo chochote cha sheria, huyo ni bibi aliyekataza. Lakini binti alikuwa anatishia siri ya Roxana, na aliyefaidika na kutoweka kwake ni Roxana. Mtumishi aliyezoea kwa miaka mingi kusoma haja ya bibi yake kabla haijatamkwa alifanya kile kile alichofundishwa kufanya.

Mahali pengine Roxana anasema Amy alikuwa mwaminifu kwake kama ngozi ya mgongo wake. Na katika mistari ya mwisho, anapokiri kwamba laana ya mbinguni iliwafuata kwa ubaya aliotendewa msichana yule maskini, hasemi ni ubaya wa Amy. Anasema ni wao wote wawili.