Mkaguzi asiyepiga simu kwanza

Kila nikienda likizo Mwanza naulizwa, "Huko Marekani mnatumia mashine gani?" Jamani, mashine si habari. Habari ni mkaguzi.

Mimi ni muuguzi Texas, kwenye kituo cha upasuaji wa kuingia asubuhi na kutoka jioni: mtoto wa jicho, ngiri, goti. Cha kwanza cha aina hii kilifunguliwa Phoenix, Arizona, mwaka 1970. Leseni inatolewa na jimbo. Ila ukitaka kulipwa na Medicare, bima ya serikali kwa wazee wa miaka 65 na kuendelea, unakutana na masharti mengine ya serikali kuu. Na wenye mtoto wa jicho ni wazee hao hao, kwa hiyo mwenye kituo anabanwa mfukoni.

Mkaguzi wa masharti hayo haji kwa miadi. Anaonyesha kitambulisho, anavaa kofia ya karatasi, anaingia. Nimemwona mmoja akiokota koleo dogo kwenye trei na kuuliza: limeuliwa vijidudu lini, mzunguko wa ngapi wa mashine ya mvuke, nani alisaini? Kisha akafungua kabati la dawa za nusu kaputi akahesabu dantrolini, chupa 36. Ni za mgonjwa ambaye mwili unapanda joto ghafla kwa sababu ya gesi ya usingizi. Wengi wetu hatujawahi kumwona mgonjwa huyo, lakini zikiisha muda wake zinatupwa na kununuliwa nyingine. Bosi hununa, halafu analipa. Jenereta nayo kila mwezi inawashwa ikibeba mzigo wa umeme dakika 30, na inaandikwa.

Msidhani Wamarekani ni malaika. Mwaka 2008 huko Las Vegas, watu wapatao 40,000 waliambiwa wakapime homa ya ini na VVU, kwa sababu kliniki ya kuchunguza utumbo ilikuwa ikirudia bomba za sindano na kutumia kichupa kimoja cha dawa kwa wagonjwa kadhaa. Kanuni za kuzuia hayo zilikuwepo siku zote. Baada ya hapo masharti yakakazwa, na wakaguzi wakapewa orodha maalumu ya kufuatilia usafi hatua kwa hatua.

Kwetu sheria zipo. Ya hospitali binafsi ni ya tangu 1977, na baadaye ikaja tathmini ya nyota, yaani kuvipa vituo vya afya nyota kulingana na ubora wake. Lakini pale nilipofanya kazi kabla ya kuondoka, habari za ukaguzi zilitangulia wakaguzi. Mapazia yakafuliwa, kioo cha leseni kikafutwa vumbi pembeni ya picha ya Rais, maboksi ya glavu yakatolewa. Wageni wakaondoka, glavu zikarudi stoo.

Huku Marekani kasoro zinaandikwa, kituo kinapewa siku 10 kueleza kitarekebisha vipi, na mtu yeyote anaweza kuisoma ripoti. Hilo ndilo ningeiga. Nisingeiga cheti cha uhitaji: kwenye majimbo kama New York, kabla ya kujenga lazima uishawishi serikali kwamba eneo linahitaji kituo kipya, na hospitali kubwa za jirani hupata nafasi ya kukupinga. Texas ilishaufuta utaratibu huo mwaka 1985.

Siku tukianza kubandika ripoti hadharani, tuanze na vituo binafsi vya mjini vinavyotoza upasuaji kwa bei ya juu. Zahanati za vijijini zipewe maji ya bomba kwanza, ndipo tuziulize kwa nini hazinawi mikono.