Namba tisa wetu kahamishwa kijiji

Jumamosi moja tulikuwa mnada wa Msalato tunasubiri mbuzi aive, na kama kawaida ya Dodoma, mazungumzo yakaanzia kwenye bei ya mahindi yakaishia kwa Taifa Stars. Mzee mmoja akapanga vizibo vya soda mezani: vinne, vitatu, vitatu. Kile cha mbele kabisa, yaani namba tisa, straika wa kati, akakisukuma hadi ukingoni mwa meza. "Huyu kijana mmemhamisha kijiji," akasema. "Chakula mnampelekea saa ngapi?"

Nilicheka, lakini sijaona mchambuzi wa redioni aliyeisema vizuri kuliko hivyo.

Tunabishana namba za mabeki, viungo na washambuliaji kana kwamba 4-3-3 ni ya kushambulia na 5-3-2 ni ya waoga. Sivyo. Timu yenye hofu ikianza na 4-3-3, ndani ya dakika kumi mawinga wamegeuka mabeki wasaidizi na mfumo umekuwa 4-5-1. Tukinyang'anya mpira, unabutuliwa mbele. Namba tisa anaushusha kifuani, beki mmoja mgongoni, mwingine anamsubiri pembeni, anatazama nyuma kutafuta mtu wa kumpa: wenzake wako mita arobaini. Mpira unapotea, halafu sisi kwenye kibanda umiza tunapiga kelele kwamba straika kachoka.

Kumbukeni mechi ya Zambia, AFCON ya Ivory Coast, Januari 2024. Dakika ya 11 Samatta alimpasia Msuva, bao. Washambuliaji wawili karibu karibu, mmoja anatoa, mwingine anakimbia. Hakuna uchawi hapo. Zambia wakabaki pungufu kabla ya mapumziko. Badala ya kuongeza mtu mbele tukalinda lile bao moja, na dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha. Mashindano yale tulimaliza na bao hilohilo moja katika mechi tatu.

AFCON iliyofuata, kule Morocco, tulipata bao katika mechi zote tatu za makundi: Nigeria, Uganda, Tunisia. Hatukushinda hata moja. Tulivuka kwenda 16 bora kwa pointi mbili, tukiwazidi Angola, waliokuwa na pointi mbili na tofauti ya mabao sawa na yetu, kwa sababu tu sisi tulifunga matatu na wao mawili. Bao moja! Anayesema tujilinde kwanza, mengine yatajileta, aniambie bila lile moja tungekuwa wapi.

Mimi ningecheza 3-5-2. Viungo watatu wa kati wabaki, maana hapo ndipo mechi za Afrika zinapoamuliwa. Mabeki wa pembeni wapande hadi wamiliki chaki. Mbele wawe wawili: mmoja wa kugongana na mabeki, mwingine wa kuokota mipira ya pili. Fei Toto, mmoja wa wale viungo watatu, awe nyuma yao hatua chache, si kurudishwa kukaba karibu na boksi letu. Kipaji kile kukitumia kuzuia kona ni kama kumwagilia zabibu maji ya chumvi.

Najua mfumo huu unavuja wapi. Beki wa pembeni akipanda na kuchelewa kurudi, nyuma yake ni uwanja mtupu, na ukikutana na mtu kama Hakimi, beki wa kulia wa Morocco anayepanda kwa kasi, utalia. Dhidi ya Morocco nisingethubutu dakika zote 90. Lakini hatuchezi na Morocco kila wiki. AFCON ya 2027 tunaiandaa sisi na Kenya na Uganda, na timu nyingi zikija kwa Mkapa zitapaki basi. Krosi ya kumtafuta mtu mmoja katikati ya mabeki watatu itamsaidia nani?

Mzee wa vizibo hanielewi kwenye mabeki watatu. Yeye anataka 4-4-2 ya enzi zake, winga abaki na chaki kiatuni. Tulipofika kugombania beki namba tatu, sinia la mbuzi likaletwa na vizibo vyote vikasukumwa chini. Tumepeana miadi Jumamosi ijayo.