Kongosho lililovimba: tufundishe kanuni au kumtazama mgonjwa?

Mwulize mwanafunzi wa udaktari visababishi vya kongosho kuvimba ghafla, atakumiminia orodha bila kupumua: mawe ya nyongo, pombe, trigliseridi (mafuta ya damu) zilizopanda kupita kiasi, dawa fulani, kuumia tumbo, hata sumu ya nge. Mwulize kama mgonjwa aliye mbele yake ana nafuu kuliko jana usiku, na kigugumizi kinaanza. Hapo ndipo wakufunzi wanapogawanyika. Wengine wanataka kanuni na alama zitangulie. Wengine wanasema apelekwe wodini kwanza, mengine atayasoma huko huko.

Wanaotetea kanuni hubezwa isivyo haki. Maumivu ya chembe ya moyo yanayopenya hadi mgongoni yanaweza kuwa kidonda cha tumbo kilichotoboka au shambulio la moyo, na jicho changa hudanganyika upesi. Sharti la kupata mawili kati ya matatu (maumivu ya aina hiyo, lipesi au amilesi, vimeng'enya vya kongosho vinavyopimwa kwenye damu, iliyofika angalau mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida, au picha inayoonyesha kongosho limevimba) humzuia kukurupuka. Mwanafunzi asiye na kanuni hubaki kuiga mazoea ya daktari aliyemkuta zamu, mema na mabaya.

Tatizo ni kwamba ugonjwa huu hausomeki kwa mkupuo mmoja. Vigezo vya Ranson vya kukadiria ukali wake, vya mwaka 1974, viko 11. Vitano hupimwa mgonjwa anapofika, sita husubiri saa 48. Uainishaji wa Atlanta uliorekebishwa mwaka 2012 nao huuita ugonjwa mkali pale kiungo kama figo au mapafu kinaposhindwa kazi kwa zaidi ya saa 48. Kwa hiyo anayedai mlangoni kwamba ameshajua ukali wake anabashiri tu. Wala lipesi haimsaidii: ikishathibitisha ugonjwa, kupanda au kushuka kwake hakusemi hali inaelekea wapi, ingawa bado huagizwa kila asubuhi kana kwamba ni kipimajoto.

Suala la dripu ndilo linalonivutia zaidi. Kwa miaka mingi wanafunzi walifundishwa kumwaga maji mengi mapema. Mwaka 2022 utafiti wa WATERFALL, uliohusisha wagonjwa 249, ulilinganisha maji mengi na ya wastani. Kwa mtu wa kilo 70, njia ya kwanza ni mililita 1,400 za kuanzia, kisha 210 kwa saa. Ya pili ni 105 kwa saa, na zile 700 za kuanzia hupewa tu aliyepungukiwa maji. Utafiti ulisitishwa mapema: waliozidiwa na maji walikuwa asilimia 20.5 upande wa kwanza, 6.3 upande wa pili, na ugonjwa mkali haukupungua.

Wapenda wodi hushangilia matokeo hayo, lakini wanasahau kwamba hata hayo maji ya wastani yalitolewa kwa kanuni. Ila ilikuwa kanuni iliyomrudisha daktari kitandani kwa saa zilizopangwa, apime upya na kubadili kasi. Mimi naegemea hapo. Saa sita baada ya dripu kuanza, mwanafunzi ahesabu pumzi kwa dakika nzima, atazame mfuko wa mkojo, agonge kifua upande wa kushoto chini asikie kama mlio umefifia kwa maji yaliyojaa kifuani, amwulize mgonjwa kama hamu ya chakula imerudi. Ikirudi na hatapiki, ale. Kumfungisha siku kadhaa ili kongosho lipumzike ni desturi iliyopitwa na wakati, sawa na kumpa antibaiotiki za kukinga asiye na maambukizi.

Kikwazo ni mtihani. Orodha husahihishwa kwa dakika mbili, ilhali kumpima mtu aliyebadili uamuzi kati ya saa ya kwanza na ya 12 kunahitaji vituo viwili vya mtihani vyenye mgonjwa yule yule, na mtahini mwenye subira. Vyuo vikikwepa gharama hiyo, wanafunzi wataendelea kukariri Ranson, na siwezi kuwalaumu.