Nani abebe santuri za Kenyatta Market?

Mpenzi wa muziki wa zamani akitua Nairobi, huulizia Kenyatta Market kabla hajaulizia mbuga ya wanyama. Mwenyeji akimsikia atadhani ana njaa, maana sifa za soko hilo ni nyama choma na ususi. Na kweli itabidi apenye kwenye moshi wa majiko, awakatalie kwa heshima wasusi wanaomwita kila hatua, akate kona mbili tatu, ndipo akifikie kibanda namba 570. Hapo Jimmy Rugami amekuwa akiuza santuri kwa zaidi ya miaka 30. Alikuwepo wakati watu walipokuwa wakizitupa ili wapate nafasi ya kuweka deki ya kaseti, na yupo sasa ambapo wageni kutoka Ulaya na ng'ambo nyingine wanafunga safari kuzifuata.

Hapo ndipo ubishi unapoanzia. Wapo wanaosema mgeni njoo, mwenyeji apone: bila mfuko wa msafiri, kibanda kama hicho leo kingekuwa kinauza kava za simu. Wapo wanaosema kila begi linalopita uwanja wa ndege limebeba kumbukumbu yetu, na siku moja mjukuu atalazimika kuomba viza ili akasikilize bendi ya babu yake. Nimewasikia wote wawili wakibishana, na kila mmoja huwa anazungumzia kitu tofauti na mwenzake.

Tuanze na sababu ya mali yenyewe kuwa Nairobi. Katika miaka ya 1970 jiji hilo ndilo lililokuwa karakana ya muziki wa Afrika Mashariki. Lilikuwa na studio, lilikuwa na mitambo ya kufyatua santuri, na lilikuwa na River Road, mtaa ambao wazalishaji na wauzaji walipanga bega kwa bega. Tanzania ilikuwa na bendi nyingi na nzuri, lakini haikuwa na kiwanda cha kufyatulia. Redio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi bendi kwenye kanda, kwa ajili ya kupigwa redioni. Aliyetaka sahani ya kuuza dukani alivuka mpaka. Ndugu wa bendi ya Simba Wanyika walitoka Tanga wakaenda kutengenezea jina lao Nairobi. Santuri za Mbaraka Mwinshehe zilitoka Kenya, na mwenyewe alikufa kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979. Kutoka Zaire wakaja akina Baba Gaston, Les Mangelepa na Super Mazembe. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa kwa miaka kadhaa, na mali iliyokuwa upande wa pili ikabaki upande wa pili. Ndiyo maana hadi leo Mtanzania anayetaka santuri ya bendi ya kwao, ile sahani yenyewe na siyo faili la kwenye simu, huwa ni msafiri kama yule mgeni wa Ulaya, tofauti ni kwamba yeye kaja kwa basi.

Kisha kaseti zikaingia, na nyuma yake wezi wa kunakili. Mitambo ikanyamaza. Kwa hiyo kilichopo kwenye vibanda ndicho hicho hicho. Hakuna kingine kinachotoka kiwandani kuziba pengo la kilichouzwa. Anayesema "wanunue tu, zipo nyingi" asahau.

Chukua sahani moja ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika uitazame. Karatasi ya katikati imefifia, na juu yake kuna jina la mtu limeandikwa kwa kalamu ya wino, pengine la mwenye disko, pengine la mwenye baa, aliyekuwa akihofia kuibiwa. Upande mmoja umeandikwa sehemu ya kwanza, wa pili sehemu ya pili, kwa sababu wimbo haukuenea upande mmoja. Upande A wanaimba: mapenzi, shida za kazi, mashemeji wasioaminika. Upande B waimbaji wanakaa pembeni, magitaa yanaachiwa uwanja. Msikilizaji alitakiwa kuinuka katikati ya wimbo akaigeuze. (Mimi ni mlevi wa upande B. Upande A naweza kuwaachia wengine.) Muuzaji anaishika kwa kingo, anaiinamisha kwenye mwanga ili mikwaruzo ionekane, anaifuta kwa kitambaa, anatua sindano. Inachemka kidogo kama mafuta ya maandazi, halafu besi inaingia. Anayenunua mtandaoni hayapati haya, na ndiyo sababu watu wanasafiri.

Sasa hoja ya wanaomtetea mnunuzi mgeni. Ya kwanza ni ya tumbo: kodi ya kibanda hailipwi kwa mapenzi ya muziki. Ya pili ina uzito zaidi. Kwa miaka mingi santuri hizi zilikuwa na maadui wa kweli, nao ni vumbi, unyevu wa pwani, jua la dirishani na watoto waliozigeuza visahani vya kurusha. Mgeni alipoanza kuzilipia, ndipo watu wakashuka stoo kuangalia marehemu mzee aliacha nini. Bei ndiyo iliyoziokoa.

Na rekodi za eneo hili zimekuwa zikisafiri tangu mwanzo. Mwaka 1928 Siti binti Saad alipelekwa Bombay kurekodi. Santuri za mwimbaji maarufu kuliko wote wa Unguja zilivuka bahari kuja kwa wasikilizaji wake. Mwaka 2010 duka la Honest Jon's la Portobello Road, London, lililofunguliwa 1974 na ambalo pia hutoa rekodi zake lenyewe, lilitoa mkusanyo wa nyimbo za zamani za Afrika Mashariki zilizochotwa kwenye hifadhi ya kampuni ya rekodi ya EMI huko Hayes, Uingereza. Zisingehifadhiwa Uingereza, sijui nani angezisikia leo. Hali kadhalika taarab ya Mombasa iliyorekodiwa na duka la Assanand kwa lebo yake ya Mzuri: vijana wengi wameifahamu kupitia mfululizo wa Zanzibara wa kampuni ya Kifaransa, Buda Musique. Kwa hiyo anayeita kila mnunuzi mgeni mporaji ana kazi ya kueleza hayo.

Lakini upande wa pili nao haupigi kelele za bure. Tangu tovuti ya Discogs ianze mwaka 2000, na baadaye kuwa soko ambalo watu wa dunia nzima huuziana santuri, bei ya Berlin imeingia mfukoni mwa kila muuzaji wa Nairobi. Anafungua simu, anaangalia, anakutajia. Simlaumu hata kidogo. Ila DJ kijana wa Umoja au Kawangware, anayetaka kujenga onyesho la benga kwa sahani halisi, anashindana na mtu anayelipwa kwa euro. Matokeo yake unayaona kwenye makasha: zilizobaki kwa wingi ni Jim Reeves na Kenny Rogers, waimbaji wa country wa Marekani ambao Wakenya waliwapenda kweli kweli, na muziki wa disko wa Marekani. Yaani duka la Nairobi linamuuzia Mnairobi muziki wa ng'ambo, na linamuuzia mtu wa ng'ambo muziki wa Nairobi. Wengine wanaliona hilo kama msiba. Mimi naona nusu yake ni biashara ya kawaida. Mtu ana haki ya kumpenda Jim Reeves.

Nusu inayoniuma ni ya nakala pekee. Santuri iliyofyatuliwa kwa mamia machache, ikabaki moja inayosikilizika, ikanunuliwa na mtu mmoja akaiweka kwenye rafu yake mjini kwake: hapo hakuna uokoaji wowote. Imehama tu kutoka stoo moja kwenda nyingine. Wahenga wa biashara walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hapa daftari halipo. Sahani inaondoka, na pamoja nayo yale majina madogo kwenye karatasi ya katikati: mtunzi, bendi, namba ya toleo.

Kuna pia suala la haki, ambalo watetezi wa pande zote huliruka. Kwa sheria ya Kenya, ulinzi wa rekodi yenyewe hudumu miaka 50. Kilichorekodiwa 1974 kilitoka kwenye ulinzi huo mwisho wa 2024, na mwaka baada ya mwaka muziki wote wa enzi ile unafuata. Haki ya mtunzi ni tofauti: inaishi muda wote wa uhai wake na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo msafiri anayenunua sahani kwa nia ya kuitoa upya hawezi kusema "imeshakuwa ya wote" kwa sababu tu kiwanda kilikufa. Mtunzi anaweza kuwa yuko Kisumu au Morogoro, amekaa barazani, hana habari kwamba upande wake wa B unachezwa kwenye klabu za Ulaya.

Kwamba inaweza kufanyika kwa njia nyingine, mfano ni Joseph Kamaru. Alikuwa mwanamuziki mkubwa wa Kikuyu na mwenye duka lake la santuri Nairobi. Alifariki 2018. Mjukuu wake, anayeitwa jina lile lile na anayejulikana kwa muziki wake mwenyewe kama KMRU, amekuwa akizitoa upya kazi za babu kupitia tovuti ya Bandcamp. Mgeni wa popote anazinunua, na nyimbo zenyewe hazijatoka mikononi mwa ukoo. Si kila mtunzi aliacha mjukuu wa namna hiyo, najua.

Kwa maoni yangu basi, kosa halipo kwa anayenunua wala anayeuza. Tofauti ya London na Nairobi ni kile kilicho nyuma ya duka. Honest Jon's wakiuza sahani adimu ya Kiingereza kwa mtalii wa Kijapani, hakuna anayelia, kwa sababu maktaba yao ya taifa, British Library, ina hifadhi ya sauti. Nairobi, duka la Melodica la familia ya Daudia, lililodumu Tom Mboya Street tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, liko umbali wa kutembea kwa miguu kutoka jengo la Nyaraka za Taifa. Sijawahi kusikia muuza santuri yeyote, wa mtaa huo au mwingine, akilalamika kwamba Serikali inampandishia dau.

Wakati tukiisubiri siku Serikali itakapoanza kuzinunua, msafiri anaweza kufanya machache. Aulize kama kuna nakala nyingine kabla ya kuchukua ya mwisho. Akiwa na nauli ya ndege asikomalie bei hadi muuzaji aone haya. Apige picha karatasi ya katikati, pande zote mbili. Akifika kwake, airekodi vizuri, amtumie muuzaji faili. Kwa intaneti ya sasa ni kazi ya jioni moja.

Kuna rafiki yangu anayetaka twende mbali zaidi: bei mbili, kama kwenye mbuga zetu, ambako mgeni analipa kiingilio chake na mwenyeji chake, na hakuna anayeona ajabu. Santuri za hapa ziwe hivyo hivyo. Wazo linanivutia, na ukweli ni kwamba wauzaji wengi tayari wanafanya hivyo kimyakimya. Lafudhi yako ndiyo kitambulisho. Ugumu wake ni kwamba tembo hauziki tena ukishamwona. Kijana wa Nairobi atanunua kwa bei ya mwenyeji saa nane mchana, na saa mbili usiku sahani iko Discogs kwa bei ya mgeni. Rafiki yangu anajibu kwamba angalau hapo faida imebaki Nairobi. Hilo nakubali. Sahani, hata hivyo, imeondoka vilevile.